Nilisubu risasi kwenye banda la bustani London, mtoto alipougua nikamshitaki mama mkwe

Wakuu, salaam kwa wote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Mwaka jana niliandika uzi humu kuwaonya wazazi kuhusu wanja wa kina bibi. Wengi mliupenda. Naomba mjue kwamba niliyoyaandika pale kuhusu mama mkwe wangu hayakuwa kweli, na leo naeleza ilivyokuwa bila kujipendelea. Chumvi sitaongeza, iliyopo inatosha.

Mimi ni mtu wa Tanga, nipo London mwaka wa kumi na sita sasa, naishi Neasden. Kazi yangu ni mapaa.

Nyumba za zamani za huku zina mabamba ya risasi pale paa linapokutana na dohani. Nazungumzia madini, yale mazito ya kijivu, laini hadi unaweza kuyakunja kwa mkono. Yakichoka tunayabandua tunaweka mapya. Vipande vidogo vya zamani bosi aliniruhusu nichukue.

Kazi yake? Nayeyusha, namimina kwenye kalibu, ndiyo nasubu machubwi, yale madude mazito ya kuzamisha mshipi. Mimi na washkaji watatu, Jumapili tukiwa off tunakwenda pwani ya Kent kuvua.

Ufundi huu nilifundishwa na jirani yangu, mzee wa Kizungu mstaafu. Yeye alikuwa member wa klabu ya shabaha, miaka mingi akisubu risasi za bunduki za kizamani, zile za kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu. Mikono ilipoanza kumtetemeka akanipa chungu chake cha chuma, upawa na jiko la gesi. Kalibu za machubwi nikanunua mwenyewe.

Akanipa na masharti. Usiyeyushe ndani ya nyumba. Usitumbukize kipande chenye unyevu, maana tone moja la maji linakurushia risasi ya moto usoni. Vaa miwani, glavu na mask. Usile wala usivute sigara ukiwa kazini. Na ukimaliza, vua nguo zako huko huko bandani, usiingie nazo ndani.

Wakuu, mimi ni mtu wa masharti. Banda nililifungulia dirisha la pili, nikaweka feni ya kutoa moshi, vipande navianika siku mbili kabla ya kuvigusa moto. Uchafu ukielea juu nauengua taratibu, namimina, nasubiri, nagonga kalibu, chubwi linadondoka linang'aa kama kijiko kipya. Sijisifu, lakini mpe mtu achague kati ya langu na la dukani uone.

Hilo sharti la nguo ndilo ambalo sikulifuata. Kuvua nguo bandani kwenye baridi ya Februari niliona ni mambo ya wazee wenye muda.

Sasa upande wa nyumbani.

Mke wangu Zuwena ni Mpemba, mtu wa Wete. Alipotakiwa kurudi kazini, anafanya care, kutunza wazee, mama yake alikuja kutusaidia na mtoto wetu Haitham, aliyekuwa na miezi kumi. Bi Asha ni mama mtulivu, mfupi, haongei sana. Kwao anajulikana kwa kitu kimoja: wanja. Mtaani kwake mwanamke akijifungua, kabla ya kumaliza arobaini wanja wa Bi Asha umeshafika. Na Haitham naye alipakwa, machoni na kwenye nyusi, kama mjukuu yeyote.

Baada ya miezi miwili mitatu mtoto akaanza kupoa. Chakula hataki, choo kigumu, analia bila sababu, rangi imemtoka. GP, daktari wetu wa mtaa, akasema huenda ni upungufu wa damu, wakapima. Wakapima tena. Halafu tukapigiwa simu: damu ya mtoto ina risasi, na iko juu. Mtu wa council, halmashauri ya mtaa, atakuja nyumbani kutafuta inatokea wapi.

Niliuliza inaweza kumfanya nini. Yule dada wa kwenye simu akanijibu kwa upole kwamba kwa umri ule inaweza kugusa ubongo.

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yangu, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Nimetembea juu ya mapaa ya ghorofa nne kwenye upepo, kule sijawahi kuhitaji kukaa chini.

Nikashika simu nikaanza kusoma. Nikakuta imeandikwa kwamba baadhi ya wanja una risasi ndani yake. Wakuu, hata ukurasa sikuumaliza. Mtuhumiwa nilikuwa nimeshampata.

Mama wa council alikuja Alhamisi na kibegi chake. Akauliza kazi, akauliza hobby. Sikuficha kitu. Nikampeleka bandani mwenyewe, nikamwonyesha feni, mask, glavu, yaani nikamfanyia tour. Aliandika tu. Akaomba kuchukua sample huku na huku, nikamwambia achukue popote apendapo, ila mimi najua tatizo liko wapi.

Tukaingia sebuleni. Mama mkwe alikuwa anamlisha mtoto uji. Nikapita mbele yake, nikafungua mkoba wake bila kumuuliza, nikatoa kichupa cha wanja, nikamkabidhi yule mama.

Kwetu pwani mkwe ni mtu ambaye hata macho unamshushia. Mimi nilimpekua mkoba mbele ya mgeni.

Akaweka kijiko chini. "Baba Haitham, wanja huo naupika mwenyewe. Masizi ya taa na mafuta ya nyonyo, basi. Hamna kitu chengine."

Nikamjibu kwa adabu, na ndiyo inayoniuma zaidi. Nilimjibu polepole, kama mwalimu na mwanafunzi wa darasa la kwanza, kwamba mambo haya ni ya kisayansi, hayaangaliwi kwa mazoea.

Sikuishia hapo. Nikarekodi voice note ya dakika nne kwenye group la familia ya mke wangu, lenye watu wa Wete, Muscat, Toronto na hapa London. Nikaeleza kwa utulivu na kwa mpangilio jinsi wanja wa Bi Asha ulivyomtia mtoto wangu sumu. Kisha nikaja humu nikaandika uzi. Likes zikamiminika, nikajiona nimeokoa watoto wa watu.

Mama mkwe hakugombana na mimi. Ila aliacha kumbeba Haitham. Mtoto akilia anamwita Zuwena, na Zuwena asipokuwepo ananiita mimi. Anakaa pembeni, mikono ameifungia ndani ya kanga, mjukuu anamtambalia yeye anasogea. Hata macho yake mwenyewe aliacha kuyapaka.

Wiki iliyofuata mpwa wake alijifungua kule Wete. Walimpigia simu kumwambia kwamba safari hii asijisumbue na wanja. Zuwena alikuwa karibu, akasikia yote. Siku ile ile mama akaomba abadilishiwe tiketi asafiri mapema, aende zake.

Zuwena akaniambia, "Hukumuuliza mama hata suali moja."

Nikamwambia tusubiri results zitasema.

Zikasema. Nilikuwa juu ya paa Harlesden, mchana, simu ikaita. Yule mama wa council akaanza na wanja: ni safi, hauna risasi hata chembe. Akaendelea. Bandani kumejaa vumbi la risasi, hilo alilitegemea. Lakini imekutwa pia kwenye sofa, kwenye kiti cha mtoto cha gari, na nyingi kupita kote kwenye hoodie nyeusi iliyotundikwa karibu na mlango wa jikoni. Hasa kwenye kamba za kofia yake.

Hoodie ya nani? Yangu. Ndiyo niliyokuwa navaa nikisubu, na ndiyo niliyokuwa navaa kazini.

Kila nilipotoka bandani nilinawa mikono vizuri kwa sabuni, halafu nambeba mwanangu, tunakaa kwenye sofa kuangalia mpira, na yeye anatafuna ile kamba. Meno yalikuwa yanamtoka. Mimi nafurahi. Nilipokata simu ile picha ikatokea kwenye kioo cha simu, maana ndiyo niliyokuwa nimeiweka kama wallpaper: Haitham kifuani kwangu, kamba mdomoni, anacheka.

Nilishuka paa nikamwambia bosi naumwa. Haukuwa uongo.

Zilikuwa zimebaki siku mbili mama mkwe asafiri. Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nikakaa chini sakafuni, nikamweleza yote, hoodie, kamba, sofa. Nikamwambia wanja wake hauna kitu. Nikamwambia nimemkosea yeye na nimemkosea mwanangu.

Cha kwanza alichouliza ni kama mtoto atapona. Nikamwambia madaktari wanasema tumewahi, cha muhimu ni kuondoa chanzo, kumpa madini ya chuma na kumpima mara kwa mara. Akashukuru Mungu kimoyomoyo, niliona midomo tu.

Kisha akasema, "Mie nshakusamehe. Lakini ulinshitaki kwa watu, usiniombe radhi jikoni."

Nikatoa simu pale pale nikarekodi voice note nyingine, ya kwenda kwenye lile group. Kabla sijaituma nikampa asikilize. Akaiweka sikioni, akaisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia.

"Rudia. Hapa umesema mbio mbio. Siku ile unanisema ulisema taratibu, kila mtu akafahamu."

Nikarudia. Na ya pili akaikataa, alisema nimetaja risasi mara nyingi, jina lake sijalitaja. Ya tatu ndiyo iliyokwenda.

Akaweka sinia pembeni, akatoka kwenda sebuleni. Nilipomfuata nikamkuta amemkalisha Haitham kwenye paja, anampaka wanja.

Alisafiri siku yake kama ilivyopangwa. Zuwena alimbembeleza abaki, akasema kuna mtoto Wete hajapakwa.

Haitham sasa ana mwaka na nusu, kipimo kimeshuka mara tatu mfululizo, anakula mpaka tunamnyang'anya sahani. Madaktari bado wanamfuatilia na sisi bado tunaomba. Banda nililisafishisha kwa watu wenye kazi yao, sofa ikaenda, hoodie ikaenda, chungu nimekifunga mpaka atakapokuwa mkubwa. Pwani naenda na machubwi ya dukani, yasiyo na risasi. Mabaya kweli, ila ndiyo hayo.

Ninachowaachia ni hiki. Ufundi wa kusubu ninao na sitaukana, lakini mtoto hakuumwa kwa kukosa baba mwenye ufundi. Risasi haikai bandani, inakuja na nguo, viatu, nywele. Na kuhusu wanja, ule wa madukani baadhi una risasi kweli, kwa hiyo pimisheni. Pimisheni kwanza, ndipo mseme.

Wenye kazi za paa, betri, rangi za nyumba za zamani, redieta: mkirudi nyumbani mnavua wapi nguo kabla ya kubeba watoto? Nataka majibu ya ukweli, nami nitajibu maswali yote. Wenye kutaka kunisema pia karibuni, nimeshazoea kusahihishwa na mtu mkali zaidi yenu.