Kishindo Kimoja: Jinsi Baba Alivyosingiziwa Kumvuta Ndugu Yake

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni nyanya wa watu, miaka themanini na ushee. Nitakayosema niliyaona, sijatunga.

Mwanzo wa miaka ya hamsini, baba na kaka yake Wafula walikuwa wanajenga ghala ya mahindi kwa shamba la mzungu karibu na Kitale. Wafula alikuwa pande la mtu. Baba alikuwa mwembamba sana.

Siku moja ubao waliosimama juu yake, huko juu karibu na paa, ukavunjika.

Wafula alikufa hapo hapo. Baba akavunjika mguu.

Mafundi waliokuwepo walisema wamesikia kishindo kimoja tu. Hapo ndipo shida ilianza, bana.

Nyumbani Bungoma wazee wakauliza: mzito na mwepesi watafikaje chini pamoja? Si mzito hutangulia? Ati basi huyu mwembamba alianza kuanguka, akamshika mwenzake, akamvuta.

Baba aliapa: "Ubao ulivunjika, tukaenda pamoja!" Nani amsikize?

Kukhu, nyanya yangu aliyewazaa wote wawili, alimkataza kutupa udongo kwa kaburi la ndugu yake. Miaka minne hakumwita kwa jina. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu alipanda juu ya tangi la maji akaachilia mawe mawili, moja kama kichwa, lingine kama yai.

Pu! Mara moja.

Akasema dunia inavuta jiwe kubwa kwa nguvu zaidi, lakini jiwe kubwa pia ni gumu zaidi kusogeza, kwa hivyo yote yanafika pamoja. Hiyo ndiyo gravity.

Wenzangu walicheka. Mimi nililia, mwalimu akadhani naumwa.

Nilikimbia nyumbani. Nikang'oa figa moja jikoni, nikaokota na kokoto, nikapanda ngazi ya ghala letu. Nikamwambia Kukhu afunge macho, nikayaachilia yote mawili pamoja.

"Umesikia vishindo vingapi?"

"Kimoja. Rudia."

Nilirudia mara tano. Halafu akapanda mwenyewe, akaachilia.

Akashuka. Alimshika baba mkono, wakaenda pole pole, baba akichechemea, mpaka kwa kaburi lililoota nyasi. Akachota udongo, akamwekea kiganjani.

"Mzike ndugu yako, mwanangu."

Baba aliutupa, akakaa chini, akalia kama Wafula amekufa siku hiyo.

Wakuu, jambo linaweza kujulikana na kijiji kizima na bado likawa uongo. Kabla ya kumhukumu mtu, jaribuni kwanza. Kesi yetu ilihitaji mawe mawili tu, na ilingoja miaka minne.

Nani kwenu alihukumiwa hivyo? Andikeni hapa chini, nasoma zote. Na wewe unayetaka kubishana, chukua mawe kwanza.