Mama Yusra na Mota Juu ya Gari-Nyumba

"Mama Yusra, hivi hizo feni unazitengeneza au unazisomea?"

Swali hilo aliliuliza jirani yake Upendo, siku alipomkuta barazani, feni mbovu mapajani, midomo ikicheza. Maana Mama Yusra, jina lake hasa Mashavu, hatii tone la mafuta kwenye mota bila kulitangulizia Bismillahi.

"Yote mawili, mwenzangu," akajibu. "Mafuta peke yake hukauka."

Pale Masuguru, Korogwe, hakuna asiyemjua. Alizaliwa Handeni, akamaliza la saba, akaolewa na Athuman, mfanyakazi wa mitambo ya umeme ya Hale. Athuman ndiye aliyemfundisha, wala si kwa kukusudia. Alikuwa na vidole vinene kama mihogo, skrubu ndogo haishikiki, basi kila mara ni "Mke wangu, hebu nishikie hapa." Kushikia kushikia, mke akawa fundi.

Athuman alikuwa na kazi moja aliyoithamini kuliko ile ya mshahara: kutia mafuta feni za msikiti. Alipofariki, kamati ikaanza kuleta fundi kutoka Tanga. Mashavu hakunung'unika, lakini kila alipozisikia zile feni zikilalama juu ya kichwa chake upande wa wanawake, aliona kama thawabu za mumewe zinakatika. Mwisho akajipa moyo, akaenda kwa Mzee Mustapha, mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo, mzee. Naomba hizo feni niziangalie mimi."

"Marahaba, binti yangu. Feni za msikiti si za kujifunzia." Mzee akakuna ndevu, kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya ua. "Lakini lisikie lile. Limota la Fidahussein linatutoa kwenye swala kila alasiri. Ukilinyamazisha, feni ni zako."

Mzee Fidahussein ana duka la vitambaa mjini. Alikuwa amenunua kule Handeni gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda, jiko na kiyoyozi juu ya paa, lililoachwa na wazungu waliokuwa wakitafuta madini. Injini ilishakufa. Lilivutwa na trekta mpaka uani kwake, likapewa umeme kwa waya uliopitia dirisha la jikoni. Kila akishakula chakula cha mchana, mzee huingia humo, akawasha kiyoyozi, akalala. Na kiyoyozi kilikuwa kikilia kama mwanambuzi aliyefungwa mbali na mamaye.

Mashavu akachomoa waya, akavaa suruali ya marehemu chini ya gauni, akapanda ngazi. Chini aliishika Farzana, mke wa mzee.

"Dada, usianguke, mimi siwezi kukudaka!"

"Wewe shika ngazi tu, mama. Kudaka mwachie Mungu."

Alipofungua kifuniko alikuta kiota cha nyigu, wenyewe wamekwisha kuhama, alhamdulillahi, na vumbi jingi kama unga wa dona. Akayatoa mapanga ya feni, akaifungua mota, akapangusa mhimili kwa mafuta ya taa, akausugua kwa msasa mpaka kutu ikaisha. Kila upande wa mota palikuwa na kitundu cha mafuta kilichozibwa na taka. Akavizibua kwa sindano. Bismillahi, tone la mafuta ya cherehani. Akazungusha kwa kidole. Bismillahi, tone jingine.

Farzana akamwinulia dumu kutoka jikoni. "Ongeza haya, dada, usibanie!"

"Hayo ya kupikia yanaganda, mama. Mota haili chapati."

Jioni ile mapanga yakazunguka kimya, ungedhani yanaona haya.

Kesho yake alasiri kelele ikarudi. Safari hii nzito, ya kukokota, inapanda na kushuka. Vijana wa mashine ya kusaga wakamwona Mashavu anapita, wakaanza:

"Mama Yusra, ile mota umeitia mafuta au umeilisha ubwabwa? Inakoroma kama imeshiba!"

Akaenda mbio kwa Farzana. Akamkuta amejifunika uso kwa mtandio, hajulikani analia au anacheka.

"Dada, si mota. Ni mume wangu. Unadhani nilimhamishia garini kwa nini? Ile kelele ndiyo ilikuwa shela yake, nawe umemvua! Tafadhali usimwambie mtu. Mwenyewe hajijui, miaka yote anasema ni paka."

Sasa huo ukawa mtihani. Akisema kweli, mzee wa watu anaumbuka mtaa mzima. Akinyamaza, feni za Athuman zinabaki kwa fundi wa Tanga. Mashavu akakumbuka kwamba anayemsitiri mwenzake naye husitiriwa. Akamwahidi Farzana kwamba hatasema.

Kamati ikaja na kanzu zake, ikasimama kando ya gari. Ndani: *Ngrooo... fyuuu. Ngrooo... fyuuu.*

"Umesikia mwenyewe?" Mzee Mustapha akauliza kwa upole, kama anayetoa pole.

"Nimesikia, mzee."

"Ni nini hiyo?"

"Si mota."

"Kama si mota ni nini?"

Mashavu akatazama kandambili zake. "Mota nimeitia mafuta, Mungu ni shahidi. Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Basi, binti yangu, itabidi tumwite yule wa..."

Hapo umeme ukakatika. Redio ya kinyozi ikakata kauli, mashine ya kusaga ikazima, mapanga juu ya paa yakajivuta, yakasimama. Mtaa mzima kimya.

*Ngrooo... fyuuu.*

Wazee wakatazama paa. Wakatazama waya. Mzee Mdoe, mdogo wao kwa umri, akanong'ona, "Mwenyekiti, mota hii inatumia umeme gani?"

Mzee Mustapha akajiziba mdomo kwa mkono wa kanzu, mabega yakitikisika.

Joto likamwamsha mwenye gari. Mlango ukafunguka, Mzee Fidahussein akachungulia, nywele zimesimama.

"Assalaam alaikum! Mmekuja kuisikiliza mota? Huyu mama fundi hasa! Kimya kabisa. Mimi mwenyewe sijasikia kitu."

"Waalaikum salaam," kamati ikaitikia, kila mmoja akitazama kwake.

Walipotoka nje ya ua, wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Mzee Mustapha akafuta macho.

"Binti yangu, kumbe ulijua, ukakubali kuharibikiwa wewe. Feni za msikiti ni zako, kama zilivyokuwa za Athuman. Una ombi lolote?"

"Naomba Mzee Fidahussein asiambiwe."