Picha Mbili za Goti la Benigna

Benigna wa Nshamba hakuwa na kiburi hata chembe, na anayebisha akaulize kwaya nzima ya usharika wao. Lakini huko Izigo alikoolewa, mkamwana asiyepiga magoti kumsalimia mama wa mumewe haulizwi sababu. Anaitwa mwenye kiburi, na jina linamganda.

Sababu ilikuwa pia, kile kifupa cha mbele, ya goti lake la kushoto. Tangu usichana wake, kila alipokunja mguu, pia ilichomoka na kukimbilia pembeni, na maumivu yake hayasimuliki. Kwa hiyo alisalimia kwa kuinama tu. Mama mkwe wake, Kokuberwa, alivumilia miaka mitatu, kisha akamwambia mwanawe Rwekaza, "Mpeleke mkeo apigwe picha. Kama goti ni bovu kweli, nitanyamaza."

Wakaenda hospitali moja huko Muleba. Mpiga picha, Lukmani, kijana mwenye haya, alimlaza ubavu, akamwambia akunje goti kidogo na asitikisike. Benigna akakunja. Lukmani alipojificha nyuma ya ukuta wake, Benigna akahisi pia inaanza kuteleza. Akaogopa, akaunyoosha mguu polepole, wala hakusema. Aliona picha ni picha tu. Majibu yakasomwa nyumbani mbele ya wote: goti zima.

Wiki hiyo hiyo alirudishwa kwao na sanduku lake. Annastella, binti yake wa miaka miwili, alibaki Izigo, maana mtoto ni wa kibanja, shamba la ukoo, cha baba yake. Huo ni ukatili, iwe desturi isiwe desturi.

Miaka saba Benigna alishona nguo za watu pale Nshamba, akikanyaga cherehani kwa mguu wa kulia peke yake. Mwaka huu pia ya goti ilichomoka ikagoma kurudi, akapelekwa Bukoba, daktari akairudisha. Huko mpiga picha alikuwa mama mmoja aitwaye Mwajuma. Huyu hakumwachia akunje mwenyewe. Alimwekea mto mgumu chini ya goti, akapiga, kisha akamwonyesha kwenye kompyuta na kupima mbele yake. Pia yenyewe, sentimita nne. Kano inayoishikilia, kutoka ncha ya chini ya pia hadi kwenye mfupa wa muundi, sita.

"Sita gawanya kwa nne ni moja na nusu," alisema Mwajuma. "Ikizidi moja nukta mbili, pia imekaa juu mno, haina pa kujishikiza. Ndiyo maana inachomoka. Hukuwahi kupimwa, dada?"

"Nilipimwa. Mguu ulikuwa umenyooka."

"Ukinyooka kano inalegea, pia inashuka. Hapo kipimo hakiaminiki."

Benigna alilia palepale, na alilia kwa furaha. Sasa wangemwamini. Angerudi kwa mwanawe.

Siku ya pili yake akaenda Izigo na bahasha yake kwapani. Kokuberwa alimkaribisha sebuleni, akamsogezea kahawa za kutafuna kama anavyosogezewa mgeni yeyote. Benigna akaeleza kila kipimo, hata kule kugawanya. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho.

"Mbona picha ya kwanza ilisema zima?"

Angeweza kumsingizia Lukmani. Hakuwa mtu wa namna hiyo. "Niliambiwa nikunje, mama. Nikaogopa, nikanyoosha bila kumwambia."

"Basi uongo ulikuwa wako," alisema Kokuberwa bila hasira. "Na mimi nimesemwa miaka saba kwamba nilimfukuza mwana wa watu bure."

Rwekaza, aliyesimama mlangoni, akageuka kutazama migomba.

Annastella akaingia kutoka shule, akaambiwa amsalimie mgeni. Mtoto akashika ukuta kwa mkono mmoja, akashuka kwa goti la kulia. La kushoto akalivuta pembeni taratibu, midomo ameibana.

"Yote mawili," bibi yake akamkemea. "Uvivu huu umeutoa wapi?"

Benigna alisahau alichojia. Aliiweka bahasha miguuni pa Kokuberwa.

"Mama, mimi niacheni nilivyo. Sitaomba tena kurudi. Lakini mpelekeni huyu Bukoba, wamwekee mto chini ya goti. Asiachiwe akunje mwenyewe, ataogopa."

Annastella alikuwa bado anajaribu kulishusha lile goti la pili.