Odete na Vijana Waliokatisha Hotuba

Odete hapendi dansi. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu pale Kilambo wapo watu wanaosema hadi leo kwamba yeye ndiye aliyewaharibu watoto wao kwa dansi.

Alizaliwa nchi jirani, ng'ambo ya mto Ruvuma, akavushwa mgongoni mwa mama yake, akakulia upande huu akilima mpunga. Mumewe, Nelio, alipopata kazi ya kupakia korosho bandarini Mtwara, alileta televisheni kubwa, na Odete akafungua banda la video nyuma ya nyumba. Mabenchi aliyapigilia misumari mwenyewe. Filamu alizozipenda ni za vita. Mtazamaji wa vita hukaa kitako akatulia.

Kisha ikaja ile ya dansi. Ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na mtu mwenye sauti nzito asiyejua kunyamaza: katika mji mmoja wa mbali wakubwa wamefunga ukumbi wa muziki, vijana wanakataa, wanacheza barabarani mpaka baba zao wanaona haya. Odete aliitazama mara moja, akasinzia katikati. Lakini wanafunzi wa sekondari waliitaka tena na tena, wakiongozwa na binti yake Celia, wa kidato cha nne. Walicheza juu ya mabenchi, miguu ya mabenchi ikalegea. Jumapili nzima Odete alishinda na nyundo mkononi, akigomba.

"Celia, muhogo umemenywa?"

"Bado, mama. Tunamalizia hatua hii."

"Hatua hiyo inaliwa?"

Siku ya mahafali, mgeni rasmi alihutubia juu ya nidhamu, akamaliza, akakumbuka jambo, akaanza upya. Kivuli cha turubai kilihama, wahitimu wakabaki juani. Celia aliinuka, akaenda kwenye spika, akawasha muziki. Wenzake wakajipanga mistari wakacheza, mgeni rasmi bado kasimama na kipaza sauti chake. Baadhi ya wazazi walianza kupiga vigelegele. Walipouona uso wa mkuu wa shule, vigelegele vikawafia mdomoni.

Kesho yake mkuu huyo, Mwalimu Hashimu, aliwarudisha wachezaji wote nyumbani. Wasionekane shuleni bila wazazi. Na mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni.

Odete aliacha mpunga wake juani, akamshika Celia mkono kama mtoto wa chekechea, akaenda. Ofisini walikuta wazazi wengine, pamoja na Mama Veronika, mjumbe wa bodi ya shule na kiongozi wa kikundi cha ngoma cha kijiji.

"Mama Celia," Mwalimu Hashimu alisema, "filamu yako imetuharibia watoto."

"Mwalimu, filamu hiyo hiyo niliwaonyesha madereva waliokuwa wanasubiri kivuko. Walilala."

Mzazi mmoja, Saidi, akanung'unika kwamba hayo ni mambo ya kwao, ng'ambo. Maneno hayo Odete ameyasikia tangu utoto.

"Kwetu ni hapa, Baba Farida," alimjibu. "Na mwanao Farida alikuwa mstari wa mbele. Yeye naye katoka ng'ambo?"

Mwalimu akamtaka Celia aombe radhi.

"Naomba radhi kwa kumkatisha mgeni hotuba," Celia alisema, macho chini. "Kwa kucheza siombi. Bibi zetu wanacheza ngoma ya sindimba wageni wakija, na nyote mnapiga makofi."

Mama Veronika alijifunika kanga mdomoni, mabega yakitikisika kwa kicheko. Odete hakuona fahari yoyote. Alitamani kumfinya mwanawe.

"Nimechoka," alisema. "Nimechoka na huyu anayebishana na wakubwa badala ya kusoma. Na nyinyi pia mmenichosha. Mnamfukuza shule ili apate adabu, halafu anakwenda wapi? Kwangu. Kwangu kuna nini? Banda la video."

Aliyeanza kucheka ni Saidi, na mwishowe Mwalimu Hashimu mwenyewe akaukunjua uso.

Ikakubaliwa warudi darasani siku hiyo hiyo, wafyeke uwanja, na wamwombe mgeni radhi kwa simu. Kuhusu dansi, Mama Veronika alisema watoto wasipopewa mahali pa kuchezea watacheza pasipostahili. Wapewe Jumamosi alasiri, mbele ya mtu mzima. Mtu mzima yupi? Wote wakamgeukia Odete.

"Mimi siwezi. Sipendi dansi."

"Ndiyo maana unafaa," Mwalimu alisema.

Celia alifaulu, sasa anasomea ualimu mjini Mtwara. Odete amebaki na Jumamosi zake, anakaa uani kwake akiwafokea watoto wa watu wasikanyage mchicha. Mama Veronika naye hupeleka wapiga ngoma wake, kwa hiyo kelele zimekuwa maradufu, na majirani wakilalamika huenda kwa Odete, si kwa mwingine.

Juzi Celia alipiga simu kusema anakuja likizo na kundi la wenzake wa chuo. Wanataka kuwafundisha wadogo hatua mpya. Watalala wapi?

"Sijui," Odete alisema, akakata simu. Kisha akaenda kwa jirani kuazima mikeka.