Nyumba ya Gregori na Punda wa Nkoile

Gregori alikuwa na nyumba yenye usukani. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoanza kuwauzia watu binafsi mali za umma, shamba la mkonge alikoendesha magari ujana wake wote lilipata mmiliki mpya, na mabasi makuukuu ya wafanyakazi yakauzwa kwa bei ya kutupa. Naye akajitwalia moja. Aling'oa viti, akaweka kitanda, kabati na pipa la maji, kisha yeye na mkewe Salome wakahamia humo. Nyumba yao ya Kwamndolwa wakawaachia popo. Kazi ikawa kuzunguka minada ya ng'ombe huko Handeni: Salome anapika supu, Gregori anaosha bakuli na kupiga soga.

Ubaya ni kwamba injini ilikuwa imechoka. Kila mlima ilikohoa, na mara mbili mnada uliwapita supu ikiwa sufuriani.

"Baba Lea," Salome akamwambia, "tukikwama tena, mimi narudi Kwamndolwa. Na hili basi lako nitafugia kuku."

Hakuwa anatania. Gregori hakupenda kitu duniani kama kufungua mlango asubuhi na kukuta nchi nyingine, basi akaingiwa na hofu ya kweli.

Ndipo akapata wazo, akalitangaza kila kijiwe: nyumba yake itakuwa na nguvu mbili. Tambarare itakwenda kwa injini, mlimani injini itasaidiwa na punda. Mafundi wa Korogwe walicheka wakashika mbavu. Yeye akasuka kamba za mkonge, kisha akapatana na Parsaoti, mfugaji wa Kimasai aliyependa supu yao, ambaye boma lake lilikuwa chini ya mlima uliowasumbua kuliko yote. Wakapeana mikono.

Siku ya mnada, injini ikagoma katikati ya mlima. Gregori akatia jiwe nyuma ya gurudumu, akateremka bomani, akarudi na punda wanne, kifua mbele. Akawafunga kamba, akawasha gari, akapiga mluzi. Punda walisimama tu. Akabembeleza, akatukana, akabembeleza tena. Mmoja akaanza kutafuna kamba. Salome alikaa kwenye ngazi ya mlango, mikono mashavuni, na Gregori alijua anawaza kuku.

Kumbe mwenye punda hakuulizwa. Nkoile, mkewe Parsaoti, alikuja akipanda mlima kwa hasira, mumewe nyuma yake.

"Nani amechukua punda wangu?"

"Mama, nilipatana na mzee hapa."

Parsaoti akatazama mbali. "Mimi nilisema ni punda wazuri. Sikusema ni wangu. Kwetu punda ni wa mama, hata mimi naomba."

"Na hawavuti," Nkoile alisema akifungua kamba. "Tangu lini punda wetu akavuta kitu? Sisi tunawabebesha." Akachungulia ndani ya basi: pipa limejaa maji, kuni, magunia ya mchele, mabenchi, kabati. Hasira zikamwisha kwa kicheko. "Baba, unapandisha kijiji kizima, halafu unalaumu injini!"

Salome ndiye aliyeinuka kwanza. Maji wakayamimina kwenye madumu, magunia na kuni wakavifunga migongoni mwa punda, kabati wakaliacha bomani. Nkoile akawaita punda wake kwa sauti ndogo, nao wakashika njia. Gregori akabaki peke yake katika nyumba tupu, akakanyaga mafuta. Basi lilikohoa, likatetemeka, likapanda. Akaimba kwa furaha mpaka kileleni.

Supu ya siku ile iliisha mapema. Tangu hapo Nkoile akawa mshirika wao, maana nyumba ile, ukiiangalia vizuri, muda mwingi ilikuwa imesimama, na iliposimama ilitaka maji na kuni, kazi ambayo injini haijui. Mafundi wakamuuliza Gregori kama nguvu mbili zina maana.

"Zina maana sana," alijibu. "Ila zungumza na mwenye punda kwanza."

Baadaye kidogo alimkuta Salome akipanda ngazi ya basi na matetea wawili kwapani. Akamkimbilia.

"Mama Lea, kwani tumekwama wapi?"

"Hatujakwama," Salome alisema. "Nitengenezee tundu hapo nyuma. Na wao watembee nasi."