Baba Yangu Alipofuga Maji

Enzi zetu pale Kariakoo watu walifuga kila kitu. Jirani wa kushoto alifuga njiwa juu ya bati, wa kulia alifuga bata waliokuwa wakitembea katikati ya mtaa kama wenye hati ya kiwanja, na nyumba ya kona ilikuwa na paka mpaka basi. Baba yangu peke yake, mtaa mzima, alifuga maji. Msicheke. Au chekeni tu, maana hata wakati ule walicheka, na mimi mwenyewe mwalimu aliponiuliza kwetu tunafuga nini, nilijibu kuku.

Wa rika langu mnaijua nyumba yetu hata kama hamkuwahi kuikanyaga. Nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani majiko ya mkaa yamepangana na kila jiko lina mwenyewe. Sisi watoto tulishinda mtaani kwa rede na kombolela, midomo myekundu kwa ubuyu, mikono inanata barafu ya ukwaju, mpaka sauti ya mama ipasue mtaa: "Nyie! Madrasa imefutwa?" Hapo hata aliyejificha anajitokeza mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama yake baba. Sisi tulikaa vyumba viwili, vilivyobaki walikaa wapangaji. Bibi alikuwa mwembamba, mfupi, na ulimi wake haukuwahi kwenda likizo.

Baba alikuwa karani kwenye kampuni moja ya kupakua mizigo bandarini. Alitoka asubuhi na shati lililonyooshwa kwa pasi mpaka kwenye kola, akirudi anatuletea kashata. Kampuni ilipopunguza watu, naye akapunguzwa, akarudi nyumbani akakaa. Alikaa kweli. Hakulewa, hakugomba, hakumpigia mtu kelele. Alinyamaza tu. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza hali anasema "salama", na sahani yake ya wali inarudi jikoni nusu. Mama akaanza kulia uani, akisingizia moshi. Siku moja nilimsikia Bibi akimwambia, "Mkwe wangu, huyu mwanangu anatutoka huku tunamwona." Sikuielewa yote ile kauli, lakini niliogopa. Tangu hapo nikitoka shule nilikuwa nakimbia mpaka nyumbani, nachungulia chumbani kwanza, nihakikishe baba yupo.

Basi siku moja nachungulia, hayupo. Nikageuka mbio. Kumbe yuko mlangoni, yeye na rafiki yake fundi vioo, wamebeba sanduku kubwa la kioo, wanapita nalo ukumbini kwa ubavu. Akalitua mwisho wa ukumbi, pale kila mtu anapopita akienda uani. Akatueleza kwamba katika ofisi moja aliyokuwa akipeleka makaratasi bandarini palikuwa na tangi kama lile, lenye maji ya bahari na samaki wa rangi rangi, na yule mtunzaji wake alikuwa akimfundisha kidogo kidogo kila alipokwenda.

Mama alishika kiuno. "Samaki wa kutazama? Baba Mwanaidi, samaki si kitoweo?"

Bibi akamkata. "Mwacheni. Mtu akitaka kitu, hajafa huyo."

Maji yaliletwa kwa madumu, tena si ya ufukwe wa Feri, maana baba alisema ya pale yamechoka. Rafiki yake mwingine mwenye pikapu aliyachota mbali, nje ya mji. Ukaja na mchanga mweupe, na mawe ya matumbawe yaliyotupwa ufukweni na mawimbi. Baba akayapanga yale mawe kwa mikono yake, ameinama asubuhi nzima, akiacha mapango na vichochoro. Akawasha kipampu cha hewa, mapovu yakapanda. Tukakaa chini, tukangoja samaki.

Tukangoja. Wiki ya kwanza, maji. Ya pili, maji. Tangu lini watu wakae ukumbini kutazama maji? Mama Stella, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mwenyeji wa Masasi aliyekuwa akiuza maandazi, ndiye aliyemaliza kazi. Alisimama pale na beseni lake kichwani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Baba Mwanaidi, kwa hiyo wewe umefuga maji?" Weee! Jioni hiyo hiyo jina lilishafika mpaka Mchikichini. Mfuga Maji. Na kile kipampu, akaongeza Mama Stella, kinakula umeme wa nyumba nzima halafu kinatoa mapovu tu.

Baba hakukasirika. "Maji mabichi yanaua," alimjibu. "Yaache yaive." Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mtu utani tangu atoke kazini, na mama aliyekuwa akichambua mchele aliinama haraka ili tusione anatabasamu.

Yakaiva kweli. Mawe yaliota ukungu wa kahawia, kioo kikawa na utando, na mama kwa nia njema akaja na chuma chake cha kusugulia masufuria. Baba aliruka kutoka chumbani. "Usiguse! Ndiyo yanaiva hayo!" Akatia konokono na vile vikaa vinavyohama na nyumba zao mgongoni, vikashinda vinafagia. Bibi alipoviona akavuta kigoda chake. "Sasa nimekuelewa," alisema. "Umeanza na wafagiaji. Hapo umefanya la maana." Tangu siku hiyo tangi likawa la watu wawili.

Maana kama kuna jambo Bibi alilijua duniani, ni kupangisha. Alishapokea wapangaji wa kila namna, na kosa lake kubwa, alilotusimulia mpaka tukaliota, ni kumtia mkorofi nyumba ikiwa tupu. "Wa kwanza kuingia nyumba tupu hujiona kaijenga yeye," alikuwa akisema. "Kila anayekuja nyuma yake ataisoma namba. Kwanza mtie mpole. Mkorofi aje mwisho, akute wenyewe wameshakaa." Baba akacheka, maana yule mtunzaji wa bandarini alimwambia hivyo hivyo.

Wa kwanza basi wakawa wapole: visamaki viwili vidogo vya rangi ya chungwa vyenye mistari myeupe, vinatikisika kama vinacheza ngoma ya ndani kwa ndani. Mfuko wao wa nailoni uliachwa uelee juu ya maji, baba akawa anatia maji ya tangi mle ndani, kikombe baada ya kikombe, wazoee. Sisi tunapiga kelele: wamwage, wamwage! Naye hasikii. Walipotoka na kuingia kwenye pango, mtaa mzima ulikuwa ukumbini kwetu na viatu vimejaa barazani kama siku ya maulidi. Usiku ule baba alimaliza sahani yake. Mama aliitazama ile sahani tupu, akaiosha taratibu sana.

Sasa Mjomba Sefu, kaka yake mama, naye akasikia kwamba shemeji anapokea samaki. Akaja kutoka Magomeni na ndoo, ndani yake kikande mkubwa, meno nje, jicho la ugomvi. "Shikamoo mama," akamwambia Bibi, "nimemletea shemeji zawadi." Jamani, zawadi hairudishwi! Baba alibaki ameshika ile ndoo. Samaki huyo akiingia, wale wengine ni kifungua kinywa. Bibi akaitikia, "Marahaba mwanangu, umefanya vizuri," akaichukua ndoo, akapita nayo moja kwa moja mpaka uani. Mchana Mjomba alitengewa wali na samaki wa nazi. Katikati ya kula akauliza, "Na yule mwenzangu anaendeleaje?" Bibi hakupepesa jicho. "Hajambo. Mko karibu kuliko unavyodhani." Baba alicheka mpaka akatoka kwenye mkeka.

Hivyo ndivyo tangi lilivyojaa, mmoja mmoja, na kila baada ya mmoja tukangoja mpaka maji yatulie. Akaja kasamaki kembamba kalikoshinda kanabugia mchanga na kuutema. Akaja samaki kangaja, mdogo wa buluu, baba akiwa amemchagua kwa kumtazama anavyokula kwanza: "Asiyekula kwa watu, kwetu hatakula." Mwisho kabisa kakaja kakorofi, keusi kenye madoa meupe, kadogo kama kifungo cha koti lakini roho ya mgambo. Siku ya kumtia, Bibi aliamuru mawe yasogezwe kidogo. "Mpangaji mpya akija, nami huwa nahamisha majiko ya uani," alisema. "Hapo kila mtu ni mgeni, hakuna wa kumwambia mwenzie pale ni pangu." Na kweli hapakuwa na vita. Baba akawa anatuita baada ya madrasa, anatuonyesha nani kalala wapi, nani kanuniana na nani. Sauti yake ilirudi. Nikaacha kuchungulia chumbani.

Asubuhi moja baba akanyoosha shati kwa pasi. Kuna kazi mahali alikuwa ameisikia, akaenda kuiulizia, na nyumba nzima ikasimama barazani kumsindikiza kwa macho. Hajafika mbali, umeme ukakatika. Mimi sikuwa na habari, nilikuwa likizo, nachezea gololi. Mama Stella ndiye aliyesimama ukumbini ghafla. "Mbona kimya?" Mapovu yameisha. Tukasogea: samaki wote wako juu, midomo wazi, wanahema.

"Mwanaidi, lete kikombe!" akaniambia. Akachota maji, akayamwaga kutoka juu. Akachota tena. Bibi akaja na kigoda chake. "Inua mkono, Mama Stella! Yaanguke na upepo!" Mkono ukichoka, anapokea mama. Mama akichoka, napokea mimi, kisha wapangaji wa vyumba vya nyuma, kisha watoto wa jirani kwa foleni. Mgao wa siku hizo mnaukumbuka, ukienda umekwenda. Unga wa maandazi wa Mama Stella uliumuka mpaka ukamwagika nje ya beseni. Alipoambiwa akasema, "Uache. Huyu baba akirudi akute wamekufa, na kazi nayo labda kakosa, tutamweka wapi?" Ndipo nilipojua kumbe si mimi peke yangu niliyekuwa nikiogopa. Nyumba nzima ilikuwa inaogopa.

Baba alirudi baada ya alasiri. Alisimama kwenye mlango wa ukumbi, shati limeloa jasho, akatuona tulivyobanana, na Mama Stella yuko juu ya stuli, mikono imelowa mpaka kwapani, anamwaga maji.

"Kazi nimekosa," baba alisema. Alisema kwa sauti, mbele ya watu wote. Hakusema salama.

"Samaki wako wote wapo," Mama Stella akamjibu.

Baba yangu alilia. Alilia huku anacheka, akavua viatu, akaja akapokea kikombe. Hakuwahi kunyamaza tena kama vile, hata miezi iliyofuata ilipokuwa migumu, mpaka alipopata kibanda chake cha kuuza vifaa vya mabomba.

Leo wote wamekwenda, Mungu awarehemu, na pale palipokuwa na nyumba pana ghorofa. Mimi pia nakaa ghorofani, si mbali na pale. Mwanangu Idrisa ameniletea tangi la kisasa, kioo hakina hata alama ya gundi. Siku ile ile akataka kutia samaki wote, kama anajaza bando. "Mama, siku hizi kuna dawa ya kuivisha maji papo hapo." Nikamwambia hiyo dawa anywe yeye labda itamuivisha. Tumewatia mmoja mmoja, wapole kwanza, na sasa ni pazuri, nasema kweli, baba angekaa kutwa nzima hapa.

Juzi mchana umeme ulikatika. Niliinuka mbio nikachukue kikombe. Idrisa hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, kaa. Kuna betri." Na kweli, mapovu yalikuwa yanapanda vile vile. Nilikaa. Nje kwenye ngazi kulikuwa kimya, milango ya chuma imefungwa, na jirani wa mlango unaofuata sijui hata anaitwa nani. Nikawatazama samaki wangu mpaka umeme uliporudi. Wako salama kuliko walivyowahi kuwa wa baba yangu, hawamhitaji mtu yeyote, na hakuna aliyepiga hodi.