Injini Iliyokaa Eda

Juzi mwanangu alipindua kidumu cha petroli cha jirani yetu wa bodaboda, yote ikamwagikia kanga yangu mpya. Nilifungua mdomo nimchambe, maana miye hasira zangu ziko karibu kama mate, lakini ile harufu ikapanda puani, mdomo ukabaki wazi. Nilikuwa tena Dimani, kijijini kwetu Rufiji, uani, nimekalia kinu kilicholazwa, namtazama mama yangu kazama nusu mwili ndani ya gari. Na alikuwa edani.

Nisikilizeni vizuri. Baba alikuwa na kipanya, kile kibasi cha zamani ambacho injini yake imekaliwa na viti vya mbele. Alibeba watu na mpunga kati ya Mohoro na Kibiti. Gari lilianza kukohoa, kabla hajalishughulikia akaugua, akafa. Arobaini haijafika, mdogo wake, Ba'mdogo Shaweji, akaja na maneno yake: gari lisilowaka ni bati tu, atalivuta akaliuze vipande. Wazee wa ukoo wakakata shauri. Ijumaa baada ya sala gari lijaribiwe. Likiwaka libaki kwa watoto, lisipowaka alichukue. Lile gari ndilo lililotulisha. Likienda, siye tungegawanywa kwa wajomba kama vifaranga.

Mama ndiye aliyeomba siku ya mazishi lisukumwe ndani ya ua wa makuti. Watu wakasema uchungu umempanda kichwani, na mpaka leo wapo wanaosema hivyo, nami nyongo hunijaa. Uchungu gani? Alijua mwanamume asiye maharimu wake, yule anayeweza kumwoa, havuki ua wa mwenye eda. Walidhani wamemfungia, yeye alikuwa amewafungia nje. Ubaya ni kwamba mafundi wa Kibiti nao walikuwa wanaume.

Basi akavaa suruali ya baba chini ya kaniki, akang'oa kiti.

Aliyekuwa akimtunza ni Bi Somoe, shangazi yake, bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele. Alisimama kando, kajishika kiuno. "We mwanangu, eda haitaki manukato. Hapo ulipo unanuka petroli mpaka ng'ambo ya mto."

"Shangazi, kilichokatazwa ni harufu ya kupendeza. Hii inampendeza nani?"

Bi Somoe akavuta pumzi, akafikiri. "Mie naipenda."

"Basi sogea huko, usije ukanitia dhambini."

Bi Somoe huyohuyo ndiye aliyekwenda Kibiti kununua plagi, vile vijiti vya kuwashia moto ndani ya injini. Alifunga plagi moja ya zamani katika pindo la kanga, akaiweka juu ya kaunta, akamwambia muuzaji, "Nataka ndugu zake, wa tumbo moja." Akaletewa nne.

Plagi za mbele zilitoka kwa spana na matusi kidogo. Ile ya mwisho kabisa, nyuma, ilikuwa imejificha kati ya mabomba na bati la gari, mahali ambapo jicho haliingii hata uinamishe shingo vipi. Mama alifumba macho. Nilidhani anaomba dua. Mkono ukaingia mpaka kwapani, vidole vikaanza kutembea gizani vilevile kama vinavyotembea kwenye ukili wa mkeka anaousuka usiku taa ikizimika. Nilimwona mama yangu, mwanamke aliyekuwa akiogopa jongoo, akilipapasa lile joka la chuma tumboni. Sijapata kuona tena kitu kama kile. Nimesoma fizikia mpaka kidato cha nne, na hakuna mwalimu aliyenifanya nisahau kupumua.

Kuirudisha ndiyo ilikuwa kazi. Plagi ikiingia upande, thredi, yale meno ya kukazia, zinakatika, na injini ndiyo kwaheri. Mama aliichomeka plagi kwenye ncha ya kipande cha mpira, akaipeleka taratibu, akawa anauzungusha ule mpira kwa ncha za vidole, anausikiliza. Ulipokubali, akatabasamu akiwa bado kafumba macho. Ndipo akachukua spana.

Nyaya za plagi alikuwa amezifunga vipande vya ukindu wa rangi, ule wa kusukia mikeka, kila waya rangi yake, ili ajue unarudi wapi. Mwanamke wa Rufiji hapotei kwenye rangi.

Ijumaa, sala imekwisha, Ba'mdogo akaja na trekta na kamba. Wazee nyuma yake.

"Fungueni lango!"

"Ndani mna mwenye eda," Bi Somoe akajibu. "Wewe nani yake?"

"Ndugu wa marehemu!"

"Ndio haohao tuliokatazwa. Simama hapohapo usikilize."

Mama akazungusha ufunguo. Gari likapiga chafya, likanyamaza. Nje ya makuti nikasikia Ba'mdogo anacheka. "Suka mikeka, shemeji!"

Mama alishuka, akainua kipande kimoja cha ukindu alichokuwa amekiona chekundu, akakilamba kwa ulimi, akasugua. Chini ya grisi kilikuwa cha zambarau. Akazibadilishia mahali nyaya mbili, wa zambarau na mwekundu, akarudi kwenye usukani.

Gari likaunguruma. Kuku wakaruka, makuti yakatetemeka, Bi Somoe akapiga kigelegele kisha akajiziba mdomo kwa kukumbuka msiba. Nje mzee mmoja akasema, "Shaweji, kunja kamba yako."

Na miye? Nilikuwa nimeshafika langoni. Miguu ilinipeleka yenyewe, mkono uko kwenye komeo, nafungua kama nilivyofungua kila jioni nilipousikia mlio ule, baba anarudi. Bi Somoe akanidaka.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameweka uso juu ya usukani, analia. Nilimkasirikia sana. Tumeshinda, unalia nini?

Imenibidi nizae, nami niwe na mtu ninayemsikiliza akirudi, ndipo nikaelewa. Kumbe Ba'mdogo hakuwa kitu mbele yake. Siku zote zile, mkono ukiwa ndani ya chuma, mama alijua mlio ule ukirudi utarudi bila mwenyewe. Akaendelea kukaza.